Huyo "Ba" wa Banasema

Nsimire mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia unagombana na valizi ya nguo isiyotaka kufungika. Kesho tonton wako Mugisho, ndugu yangu, atakupeleka uwanja wa Kavumu, na ndege ikikubali kuja utalala Kinshasa, tayari kwa kazi yako ya kutafsiri na kusoma habari za radio. Ningeweza kuvuka mlango huu nikakuambia haya kwa mdomo. Lakini najijua. Nikigusa habari hii napandisha sauti, Mugisho anaingia na mizaha yake, na jambo linaishia kicheko. Karatasi haipandishi sauti.

Juu ya nguo, chakula na wanaume wa Kinshasa sikuandikii kitu. Shangazi yako wa kule atakuambia yote hayo, na atarudia. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili.

Unakumbuka tulikuwa tumetoka misa, salon ya nyumba yetu imejaa watu waliokuja kukuaga. Mugisho akagonga chupa kwa kijiko: "Citoyens, citoyennes, mukamate kimya! Radio inaingia!" Ukacheka, ukachukua lile gazeti la kifaransa nililofungia vitunguu, ukasimama dirishani, ukaanza kututafsiria palepale bila kukwama. Nilikuwa na fahari hata nikaacha kugawa chakula. Halafu ukasoma: "Imeripotiwa kwamba wafanyabiashara wasio waaminifu wameficha bidhaa kwa nia ya kuwatesa wananchi." Watu wakapiga makofi. Mugisho akasema, "Eeh! Huyu mutoto atatupiganisha vita na hatatoka ata ku kiti!"

Mimi nikainuka nikaenda jikoni. Ukanifuata, ukaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?" Nikakuambia uangalie mboga ya sombe isiungue.

Hukukosea, mwanangu. Kila neno lilikaa mahali pake. Ndiyo sababu niliondoka.

Sisi watu wa Bukavu tuna silabi moja tunayoipenda kuliko zote: ba, pale ambapo wengine wanasema wa. Balimukamata. Balifunga barabara. Banasema sukari itapotea. Ukiuliza, "Ni nani hao waliomkamata?" mtu anakutazama kama mgeni wa lugha. Ba ni ba. Ni kama mvua, inanyesha tu, hakuna anayeinyesha. Na silabi hiyo inatukinga, sitaki kuisingizia. Ukisema "banasema", si wewe uliyesema, na hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Lakini nimeishi miaka ya kutosha chini ya ba kujua kwamba anayekingwa nayo zaidi si sisi wadogo.

Wewe hujui kwamba mama yako aliwahi kuwa mwimbaji. Ulikuwa mdogo sana, baba yako amekwisha kufa, na mimi nilikuwa nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika kapu, kwenye baraza ya duka la Mgiriki mmoja tuliyemwita Patron Niko. Aliniacha nikae pale bila kuniuliza kitu, mvua ikinyesha ananiambia nisogee ndani. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina na sisi tumebadilishwa majina. Lile la ubatizo nililopewa na masista wa Katana nililiacha kama watu wote. Chama kilichotawala kikataka kila mtaa uwe na kikundi cha animation, cha kuimba na kucheza kabla ya kazi, na kwenye uwanja wa mpira, stade, kila akija mkubwa. Nilikuwa na sauti. Wakaniweka mbele.

Tulikuwa na wimbo mmoja, mwepesi kama wa watoto: balikula, sisi tunaangalia, sasa zamu yetu. Ni nani waliokula? Hatukuulizana. Wimbo wa namna ile hauingilii masikioni, unaingilia miguuni. Unaucheza asubuhi kabla hujanywa chai, unaucheza na kesho, na baada ya muda hukumbuki tena kwamba kuna mtu alikufundisha. Unafikiri ulizaliwa nao. Mimi, mtu wa hesabu, niliyejua mpaka idadi ya sambaza katika kopo, sikuufanyia wimbo ule hesabu hata moja.

Kisha amri ikatoka kwamba maduka ya wageni yatapewa wenye nchi. Siku Patron Niko alipokuwa anafunga masanduku nilipita mbele yake na kitambaa changu cha Chama. Sikujua niseme nini. Yeye akasema kwa kile kiswahili chake: "Mama Nsimire, mi nalikusikia ku stade. Sauti yako iko muzuri sana." Akarudi kwenye kamba zake. Heri angenitukana.

Duka alipewa mkubwa mmoja ambaye hatukumwona mara nyingi. Aliuza vilivyokuwa kwenye rafu, hakurudisha kitu, akaweka kufuli. Mimi nikapata chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa uani. Pale ndipo nilipoanza kuuza chumvi, pale ndipo ulipopatia daftari zako za shule. Kwa hiyo kwangu wimbo ulikuwa wa kweli, unaona? Ulinipa chumba. Watu wanafikiri tunadanganywa kwa sababu hatukusoma. Si hivyo. Nimewaona waliosoma wakidanganywa vizuri kuliko sisi. Tunadanganywa pale uongo unapotuletea kitu mkononi, hata kama ni kitu kidogo, hata kama ni chumba cha nyuma.

Sasa nifike kwenye chumvi.

Nilikuambia kwamba wezi walikuja. Wewe ulikuwa Katana kwa bibi yako, likizo, na uliporudi ulikuta chumba kitupu. Ulikuwa mtoto, nikakupa neno la kumtosha mtoto. Hawakuwa wezi.

Ulikuwa wakati wa vita vya Shaba. Jimbo la Shaba ni mbali, sisi hapa hatukusikia hata mlio mmoja. Tulisikia radio. Asubuhi majeshi yetu yanasonga mbele, jioni yanasonga mbele, na kila kesho yake yanasonga mbele tena, mpaka Mugisho akasema, "Aba basoda, bakiendelea vile batatokea ku bahari." Tulicheka tukifunga madirisha. Lakini chumvi ilikuwa haichekeshi. Malori yalichukuliwa kwa kazi ya vita, barabara ya Uvira ikaharibika kwa mvua, chumvi ikawa adimu. Sababu ilikuwa hiyo tu, malori na matope. Ila sababu ya namna hiyo haina uso, na watu wenye mboga isiyo na chumvi wanataka uso.

Mhamasishaji wa mtaa akaanza kupita na megafoni: "Adui wa inje iko Shaba! Adui wa ndani iko ku soko! Banaficha chumvi!" Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Nilikuwa na mifuko tisa. Kwenye avenue yetu ikawa ishirini. Ilipofika sokoni ikawa mia. Siku moja mwanamke asiyenijua akanihadithia mimi mwenyewe, bure, kwamba kuna mama mmoja wa Kadutu, mtaa wetu huu, ana depo ya chumvi chini ya ardhi na anawapelekea waasi chumvi. Nikamuuliza, "Dada, waasi wako Shaba. Chumvi inafika namna gani?" Akanitazama kwa huruma. "Bako na njia yabo," akasema.

Watu wa avenue yetu walipokuja mlangoni nilikuwa tayari. Nilikuwa na chaki. Hapo ndipo penye kosa langu ninalotaka ulibebe badala ya mengine yote, kwa sababu ni kosa la watu kama mimi na wewe, watu wanaojiamini kwa sababu wanajua kitu. Nilifikiri hesabu inatosha. Nikaandika kwenye mbao za mlango, herufi kubwa: mifuko tisa, kila mfuko kilo hamsini, jumla mia nne na hamsini. Nyumba za avenue yetu tisini. Nikagawanya mbele yao. Kilo tano kwa nyumba. "Muone," nikawaambia, "hata nikiwagawia yote sasa hivi, ni kilo tano. Hiyo ndiyo vita ninayopigana na nchi?"

Wakasogea kusoma. Nikaona wameelewa, nikaanza hata kujifuta chaki mikononi. Halafu sauti moja kutoka nyuma: "Kama iko mifuko tisa tu, ju ya nini alihesabu manyumba yetu yote?"

Na nyingine: "Njo vile! Mutu mwenye anahesabu batu, iko na mupango."

Waliingia. Walichukua mifuko, walichukua mizani, walichukua meza. Walichukua hata mlango, na hesabu yangu juu yake.

Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi, si kwa kulia, kwa kutaka kujua. Nilipaza sauti, "Sikuficha chumvi," na wao walisikia "ficha" na "chumvi", lile "si" likaanguka njiani. Nilijibu jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Ningekuwa na akili niliyo nayo leo ningeiacha chaki, nikamchagua mmoja tu ninayejua jina lake, nikamuuliza, "Wewe, Mama Bahati, ni nani aliyeona? Kwa macho yake, ni nani?" Sijui kama ingeniokoa. Labda la. Lakini ingemlazimu mtu mmoja atoke ndani ya ba na kusimama na miguu yake.

Maana Mama Bahati jirani yetu, huyo aliyekuletea pagne, kile kitenge cha kuagana, Jumapili, alikuwapo. Alibeba chumvi ndani ya kitenge chake, nilimwona, naye aliniona. Siku chache baadaye akaja kununua sambaza, maana nilikuwa nimerudi kwenye kapu. Akasema bila kuniangalia:

"Mama Nsimire, usinikasirikie. Balitutuma."

"Nani?"

"Si bale."

"Bale nani, Mama Bahati?"

"Aa, weye naye! Bale!"

Nikamuuzia. Namuuzia mpaka leo. Kila mteja wangu ninamwongezea kiganja kimoja juu ya kipimo, unajua desturi yangu, lakini yeye simwongezei, na hajawahi kuuliza sababu. Padri anasema nisamehe. Ninaendelea kufikiria.

Basi nikawa na hasira na hasira yangu ikawa kazi. Nikaanza kuifuata ile habari kinyumenyume, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta chemchemi. Mama Bahati aliisikia kwenye bomba la maji. Wa bomba la maji waliisikia nje ya kanisa. Wa kanisa waliisikia kwa mwenye megafoni. Huyo nilimngojea mpaka akawa peke yake, bila megafoni, mtu mwembamba tu mwenye kikohozi. "Mama, mi sikutaja jina yako," akaniambia, na ilikuwa kweli. Alipewa maneno huko juu, na huko juu waliyatoa kwenye radio. Na radio haikuwa imesema chumvi. Haikusema Bukavu. Ilisema tu, kama ulivyosoma wewe, kwamba imeripotiwa wafanyabiashara wanaficha bidhaa. Mmoja akaongeza kwamba bidhaa ni chumvi. Mwingine akaongeza mji. Mwingine soko, mwingine avenue, wa mwisho jina. Nilitafuta mwongo mkubwa nikamkosa. Kila mmoja alikuwa ametia chumvi kidogo, kiasi cha kupikia tu.

Juu ya mfereji wote ule, basi, kulikuwa na nani? Nilimwaza kwa miaka. Kulikuwa na meza mahali fulani Kinshasa, na karatasi ya kifaransa iliyoandikwa "on signale que", na mtu mwenye kiswahili kizuri aliyeigeuza ile "on" kuwa "imeripotiwa" na kwenda kula. Sikuwahi kuona sura yake. Nilimchukia hivyohivyo, bila sura, mtu asiyenijua, asiyejua kuna chumba cha nyuma Kadutu. Nilimchukia kuliko Mama Bahati, kwa sababu Mama Bahati alikuwa na watoto sita na mboga isiyo na chumvi. Yeye alikuwa na nini?

Na Jumapili, dirishani, na gazeti langu la vitunguu mkononi, nikamwona. Alikuwa na sura yako.

Sasa usikunje uso. Sikuambii ukatae kazi. Wewe ulishinda mtihani ule wa radio mbele ya watoto wa wakubwa wa Ibanda waliokuja na barua za mapendekezo, na mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Wala sikuambii uende ukawe shujaa. Mashujaa nimewaona wakipita juu ya lori wamefungwa kamba, na mama zao nyuma wanakimbia. Ninakuomba jambo la ukubwa wa sarufi.

Kifaransa kina "on" yake, sisi tuna "ba" yetu, na kiswahili cha radio kina "imeripotiwa". Ni ndugu watatu, baba yao mmoja. Wakikuletea karatasi, kabla ya kutafsiri, mtafute mwenye maneno. Mara nyingi atakuwa pale, chini kabisa, kwenye mhuri. Kama ni Chama kinasema, andika "Chama kinasema". Kama ni jeshi, andika "jeshi linasema". Hakuna mkubwa anayeweza kukushika kwa hilo. Utamwambia, "Citoyen directeur, nilitaka wananchi wajue maneno haya yametoka kwako," na yeye atashukuru au atanyamaza. Watu wa huku si wajinga, mwanangu. Wakisikia "Chama kinasema" wanaweka kwenye mizani, kila mmoja na mizani yake, kimoyomoyo. Wakisikia "imeripotiwa" hawana wa kumpima. Hapo ndipo wanapogeuka kutazama jirani.

Na wakikuandikia "maelfu", uliza elfu ngapi. Hawatakuambia. Uliza tu, kwa ajili yako. Nilichojifunza mlangoni ni kwamba hesabu haimshindi mtu aliyekwisha kuamini, lakini inaweza kukuzuia wewe usiamini, na hiyo si kazi ndogo. Ningekuwa nimeifanya siku za wimbo, labda ningepita mbele ya Patron Niko nikiwa na kitu cha kumwambia.

Kutakuwa na siku ambapo mwenye maneno hatapatikana, na karatasi haina mhuri, na saa imefika, na mkubwa amesimama nyuma ya kiti. Juu ya siku hiyo sina shauri. Nimelitafuta tangu Jumapili. Mimi ni muuza sambaza, sijui kiti hicho kinavyokuwa. Ninajua tu mlango unavyokuwa, upande wa ndani.

Kuna kitu kimoja hujakijua juu yako mwenyewe. Ulipokuwa mdogo, ukivunja nyungu ulikuja kwangu mbio: "Mama, minavunja nyungu!" Nilikupiga kidogo tukaendelea na siku yetu. Lakini ukitaka kunidanganya ulisimama wima, mikono nyuma, ukasema kwa kiswahili cha masista: "Mama, chungu kimevunjika." Kimevunjika! Chenyewe! Kweli zako zote zilikuwa na matope ya Kadutu. Uongo wako ndio uliokuwa na kiswahili safi. Sikukuambia kamwe, kwa sababu mama mwenye kujua siri kama hiyo haitoi. Kwa miaka ishirini sikuhitaji kukuuliza mara mbili.

Sasa wamekuajiri uongee kile kiswahili cha mikono nyuma kila siku. Nitawasha radio. Avenue nzima itawasha, na itanyamaza, kwa sababu anayesema ni mtoto wao, na Mama Bahati ataamini kabla hujamaliza sentensi. Mimi nitakuwa nimeweka sikio karibu kuliko wote. Na mimi niliyekuzaa, kwa mara ya kwanza, sitaweza kujua.

Itabidi ujue wewe.

Mama yako